Mahari kwa Bei ya Leo
Sehemu ya kumi na moja

Jumapili, Julai 18, 1999. Manyunyu tangu alfajiri, mto umejaa tope. Baht moja kwa kip mia mbili hamsini.

Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa mbele ya macho ya Manichan, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mama mkwe wake mtarajiwa, pale mkono ulipomshika bega kwa nyuma.

Mkono huo tuliuacha begani wiki nzima, msomaji. Sasa Manichan anageuka.

"Unasoma nini?"

Alikuwa Phouvieng, mchumba wake.

Manichan alishusha pumzi. Angekuwa Mama Sengdeuan mwenyewe, mambo yangeishia hapo hapo ndani ya kibanda chake cha kuchenji pesa. Lakini huyu alikuwa mtu wake. Huyu alikuwa amemvalisha mkufu wa dhahabu mbele ya wazee wa pande zote mbili.

"Afadhali umekuja," alisema. "Soma na wewe. Soma uone mama yako ametufanya nini."

Mama Sengdeuan alikuwa amechenji pesa katika Soko la Asubuhi, mjini Vientiane, kwa miaka kumi. Kila siku, kabla ya kutundika ubao wa bei, aliandika tarehe, hali ya hewa na bei ya baht ya Thailand kwa kip, pesa ya Laos. Wabadilisha fedha wote wa soko hufanya hivyo. Mvua ikizidi, Wathai hawavuki mto, na wasipovuka, baht huadimika na kupanda bei. Lakini Mama Sengdeuan aliongeza neno moja dogo pembeni, la siri yake mwenyewe.

Machi 9, 1997. Jua kali. Baht moja kwa kip arobaini. Mahari imetajwa.

Desemba 14, 1997. Ukungu, baridi. Kip hamsini. Harusi isogezwe. Subiri.

Desemba 6, 1998. Upepo. Kip mia moja na kumi na tano. Isogezwe. Subiri.

Mei 16, 1999. Joto, radi mchana. Kip mia mbili na arobaini. Subiri.

Phouvieng alisoma bila kukunja uso. Alisoma kama mtu anayepewa barua aliyoiandika mwenyewe.

Manichan aliona.

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Phouvieng, usinichezee. Desemba ile ya kwanza, shangazi yako wa Pakse alipofariki. Nilipika wali wa matanga kwenu siku tatu, macho yakaniwasha kwa moshi..."

"Shangazi alifariki kweli."

"Lini?"

Kijana alijikuna shingo. "Agosti."

"Agosti! Miezi minne mlimweka wapi, kwenye barafu kama samaki?"

"Punguza sauti, Mani."

"Na yule mpiga nyota aliyesema mwaka jana ni mbaya kwetu?"

"Alilipwa."

"Na mwezi wa Mei? Mguu wa mama yako uliovunjika?"

"Aliteguka tu kidogo," alisema Phouvieng, na hapo akatabasamu, tabasamu la mtu anayeona kichekesho ambacho mwenzake hakioni. "Sikiliza. Mama hakumwibia mtu. Ameahidi kip milioni mbili, atatoa kip milioni mbili. Baht zinazookolewa zinabaki nyumbani, na nyumbani ni kwetu, mimi na wewe. Angezitoa mapema zingeishia wapi? Kwa madaktari wa Thailand!"

"Zingeishia kwenye shingo ya mama yangu."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Mama yake, Khamphiu, alikuwa na rovu kubwa kama ngumi ya mwanamume, nalo lilikuwa limeanza kubana njia ya pumzi. Tangu mwezi wa Februari alilala ameketi, ameegemea nguzo. Akilala chali, anasongwa. Hospitali ya ng'ambo ya mto, Nong Khai, ilitaka baht elfu arobaini kumpasua, na ilitaka baht, haikutaka hata kuona kip. Siku mahari ilipotajwa, kip milioni mbili zilikuwa baht elfu hamsini: mama anapona, na harusi inafanyika kwa masazo. Asubuhi hii ya manyunyu, kip zile zile milioni mbili zilikuwa baht elfu nane.

Na zilibaki siku kumi tu kabla ya Mfungo wa Mvua, ile miezi mitatu ambayo watawa hutulia mahekaluni na hakuna nyumba inayofunga ndoa. Harusi ikivuka mfungo, nani ajuaye kip itakuwa imefika wapi? Na daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba miezi mitatu shingo ile haitaivumilia.

"Leo wazee wanakutana," alisema Manichan. "Nitalipeleka daftari hili, wasome wote."

"Hulipeleki."

"Niachie mkono."

"Mani, fikiri kwanza. Ninyi mkikataa mahari iliyotajwa, ninyi ndio mmevunja uchumba. Na anayevunja anarudisha nini?"

Kila mtoto wa Vientiane anajua. Upande unaovunja hurudisha zawadi ya uchumba mara mbili.

"Mkufu uko wapi, mchumba wangu?" Phouvieng aliuliza kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Mbona hujauvaa tangu Aprili? Unadhani sijui? Sonara aliyeununua tunakunywa naye bia. Mliula kwa vipimo vya hospitali. Haya, mtarudisha miwili kutoka wapi? Dhahabu haikuanguka pamoja na kip."

Mara mlango wa bati ukagongwa kwa nguvu.

"Kuna mtu? Nina baht! Baht elfu ishirini, natoka darajani sasa hivi!"

Katika soko lile hakuna mbadilisha fedha anayemwacha mtu mwenye baht mlangoni. Phouvieng alikulia ndani ya kibanda kile. Shingo yake ilijigeuza yenyewe, na mkono ukamwachia Manichan.

Muda huo ulitosha. Daftari lilizama ndani ya kikapu cha wali wa kunata alichokuja nacho, kifuniko kikarudi, na Manichan akapita ubavuni mwa mteja akiwa na kikapu chake mkononi, kama msichana yeyote anayepeleka chakula nyumbani.

Alikwenda kwa miguu, mbio mbio, huku akimwomba Mungu amtangulie.

Phouvieng alikuwa na pikipiki.

*

Saa sita mchana nyumba ya Mama Khamphiu ilikuwa imejaa. Wazee waliketi juu ya mikeka kwa duara. Katikati paliwekwa sinia la fedha lenye maua, mishumaa myembamba na chupa ya pombe kali ya mchele ambayo hufunguliwa wakati maneno yakishaisha. Majirani walibanana mlangoni na madirishani.

Mama Khamphiu aliketi kwenye nguzo yake, shingo imefunikwa kwa skafu. Kila akivuta pumzi ilisikika filimbi nyembamba.

Upande wa binti alisema Mjomba Bounthan, askari mstaafu, kifua mbele, nywele zimepakwa rangi nyeusi. Upande wa kijana alisema mshenga wao, Mwalimu Somchit, mzee mpole aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma.

"Tumekuja kuomba tarehe kabla ya mfungo," alianza Mjomba Bounthan. "Mmetuzungusha miaka miwili. Leo hatutoki hapa..."

"Nani amewazungusha?"

Mama Sengdeuan aliingia. Sketi yake ya hariri ilikuwa kavu kabisa, maana mtu alimshikia mwavuli. Nyuma yake alikuja Phouvieng, na nyuma ya Phouvieng wanaume watatu, kila mmoja na gunia la mbolea begani.

Magunia yakatupwa juu ya mkeka. Vumbi likaruka.

"Leteni mikono mhesabu," alisema. "Mahari yenu hiyo. Kip milioni mbili, haipungui hata moja."

Manichan alikuwa ameingia tu, anahema, matope hadi magotini. Aliangalia magunia akaelewa kila kitu. Pikipiki ilikuwa imefika kabla yake. Yeye alikuja kumlazimisha mwanamke huyu alipe, kumbe mwanamke huyu amekuja kulipa.

Mjomba Bounthan alifungua gunia la kwanza. Noti zote zilikuwa za kip mia mia, kuukuu, zinanuka samaki.

"Mbona ndogo hivi?"

"Ni pesa za nchi yetu, shemeji. Au unazionea haya?"

Kicheko kikapita madirishani. Mjomba alikunja taya.

"Pesa hizi hazimfikishi dada yangu hata kwenye kitanda cha hospitali!"

"Hilo si la kwangu. Milioni mbili zilitajwa au hazikutajwa?"

Hapo Manichan akafungua kikapu. Alichomoa daftari, akapangusa wali uliogandamana juu ya jalada, akasimama katikati ya duara na kusoma kwa sauti. Alisoma tarehe, jua, ukungu, upepo. Alisoma arobaini, hamsini, mia na kumi na tano, mia mbili na arobaini. Baada ya kila bei, kasoro ile ya kwanza, alisoma lile neno moja. Subiri.

Alipomaliza, mvua ndiyo iliyokuwa ikisikika juu ya bati, pamoja na ile filimbi ya mama yake.

Mwalimu Somchit alivua miwani. "Mama Sengdeuan, huu ni mwandiko wako?"

"Wangu."

"Nimekuwa mshenga wa nyumba zaidi ya thelathini. Sijawahi kubeba aibu kama hii. Mimi ni mtu wa upande wako, lakini nasema mbele ya wote: aliyesogeza harusi ndiye abebe hasara. Ulipe kwa bei ya siku ile uliyotaja. Baht elfu hamsini."

"Ndiyo!" walijibu majirani. "Alipe!"

Manichan alihisi joto likimpanda kifuani. Alimtazama mama yake. Mama Khamphiu alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anasali.

Furaha yao ilikuwa fupi, wasomaji wangu. Mama Sengdeuan aliketi taratibu, akapanga sketi yake vizuri, akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, pensheni yako ni kiasi gani?"

"Hilo linahusu nini?"

"Miaka miwili iliyopita ilikununulia magunia mangapi ya mchele? Na mwezi huu je? Umemshtaki nani? Umekwenda kwa mkuu gani ukamwambia, nilipe kwa bei ya mwaka tisini na saba?" Alingoja. Mwalimu alivaa tena miwani yake, akaitazama mikono yake. "Hukwenda. Ulinyamaza ukala mchele kidogo. Wote humu mmenyamaza mnakula kidogo. Ila kwangu mimi ndio mmepata sauti."

Akamgeukia Mjomba Bounthan.

"Na tukumbushane jambo. Siku ile mimi nilitaka kutaja kwa baht. Mimi! Nilisema, tutaje baht elfu hamsini, kila mtu alale usingizi. Nani aligonga sakafu?"

Mjomba Bounthan alikuwa ameanza kutoka jasho.

"Shemeji, sema. Nani aligonga sakafu akasema mpwa wake hauzwi kwa pesa zenye picha ya mfalme wa watu? Nani alisema sisi si Wathai, tuna fedha yetu, tutaje kwa fedha yetu? Majirani walikupigia makofi. Hata mimi nilikupigia makofi." Alicheka kidogo, kwa puani. "Nilikupigia kwa nguvu kuliko wote."

"Mjomba?" Manichan aliuliza kwa sauti ndogo.

Hakuwa amelijua hilo. Siku ya kutaja mahari, wasichana hukaa jikoni.

Askari mstaafu aliinamia magunia. Kifua chake kilikuwa kimeshuka, na rangi nyeusi ya nywele ilimtiririka shavuni pamoja na jasho. Hakuifuta.

"Kwa hiyo," alisema Mama Sengdeuan, "chagueni. Pokeeni magunia, tunywe pombe yetu twende nyumbani. Au kataeni, na uchumba umevunjika, tena mmeuvunja ninyi. Nileteeni mkufu wangu. Na mwenzake."

Filimbi ya Mama Khamphiu ikapanda.

"Mkufu haupo," alisema Manichan. Afadhali aseme mwenyewe kuliko kusemewa. "Tuliuuza kulipia vipimo."

Mnong'ono ulizunguka nyumba nzima. Wale wale waliopiga kelele alipe, alipe, sasa waliambiana masikioni. Mwanamke mmoja dirishani alisema bila kujificha, "Kumbe nao!"

Phouvieng alitazama sakafu. Manichan alimtazama muda mrefu, akingoja ainue macho. Hakuinua.

Mara kishindo. Mama Khamphiu alikuwa ameteleza kutoka kwenye nguzo. Alilala chali, mikono shingoni, miguu inapiga mkeka, na ile filimbi haikusikika tena.

"Mwinueni! Mwinueni!"

Manichan na mjomba wake walimkalisha, wakamvua skafu, wakampepea. Pumzi ikarudi, kidogo kama uzi. Midomo yake ilikuwa ya zambarau.

"Hana miezi mitatu," alisema Mwalimu Somchit. "Huyu hana hata wiki."

"Daraja liko wazi mpaka jioni," alisema Mama Sengdeuan.

Wote walimgeukia. Alikuwa amefungua mkoba wake. Kutoka ndani alitoa noti za kahawia, mpya, za baht elfu moja moja, akazipanga juu ya mkeka mbele ya sinia la maua. Zilikuwa hamsini.

"Mimi si mnyama," alisema. "Elfu hamsini, bei ya Machi tisini na saba, kama Mwalimu alivyohukumu. Na magunia nabaki nayo. Ila nina sharti langu."

"Sema," alisema Manichan.

"Mila yetu ni kwamba mwanangu ahamie hapa kwenu, na wewe kitinda mimba umtunze mama yako mpaka mwisho. Silitaki hilo. Mimi nimezaa wavulana watupu. Wote watahamia kwa wake zao, na mimi nitazeeka peke yangu na kalkuleta. Nataka binti. Utakuja kukaa kwangu, uanze leo. Utanitunza uzeeni. Na mtu hawezi kuwa na mama wawili, kwa hiyo huyu hutamwona tena. Hutakwenda hospitali kumuuguza wala hutarudi hapa kumjulia hali."

"Hata akifa?" aliuliza Mjomba Bounthan.

"Hasa akifa. Matanga yanakula siku nyingi za kazi."

Kuna mwanamke aliyeanza kulia pale mlangoni. Mwalimu Somchit aliinuka, akavaa viatu vyake, kisha akavivua tena, maana mshenga haruhusiwi kuondoka kabla maneno hayajaisha.

Mama Khamphiu hakuweza kusema. Alitikisa kichwa. Alimshika binti yake pindo la sketi na kutikisa kichwa tena na tena, macho yamemtoka, kwamba hapana, mwanangu, hapana, niache hapa hapa.

Manichan alipiga magoti mbele yake. Ndani ya moyo wake alimwomba Mungu ampe jibu jingine. Alingoja kwa muda wa pumzi tatu za mama yake. Jibu halikuja, na pumzi ya tatu ilikuwa fupi kuliko ya pili.

Akaanza kuvibandua vidole vya mama yake kutoka kwenye pindo, kimoja kimoja. Vilikuwa vitano, na kila kimoja kilijaribu kurudi.

"Pesa apewe mjomba kwanza," alisema bila kugeuka. "Mkononi. Aondoke na mama sasa hivi, halafu nitasema."

"Sema kwanza."

"Nitasema mbele ya mtaa mzima, mama. Ninyi si mnaheshimu kilichotajwa?"

Mama Sengdeuan alifikiri, akasukuma noti. Mjomba Bounthan alizihesabu moja moja. Zilitimia. Vijana wa jirani wakambeba Mama Khamphiu na mkeka wake mpaka kwenye tuktuk iliyokuwa ikingurumia uani. Alikuwa ameugeuza uso wake nyuma, kumtafuta Manichan, mpaka turubai likashushwa.

Sauti ya tuktuk ilipopotea, Manichan alisimama. Alifuta matope mikononi. Aliweka kiganja cha kulia juu ya sinia la maua, kama wanavyofanya wanaotaja mbele ya mashahidi, akamtazama Mama Sengdeuan usoni.

"Mimi, Manichan, binti wa mwisho wa Khamphiu, naahidi mbele ya Mwalimu Somchit na mbele ya majirani wote mliomo humu. Nahamia kwa mama huyu leo. Katika nyumba hii sitarudi. Mama yangu sitamwona tena."

Mama Sengdeuan aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Na uzee wangu. Utaje uzee wangu."

"Nautaja. Nitakutunza uzeeni, mama. Nitakulisha, nitakuosha, nitakugeuza kitandani. Hicho ndicho ulichotaka, nami nakiahidi chote, sipunguzi kitu." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ila siku utakapokuwa umelala hujiwezi, ukaniita, utasubiri. Utasubiri mpaka mimi nione inafaa. Na nitakapokuja, nitakupa kile kile nilichokuahidi leo, kwa bei ya siku hiyo."